Uso wa Kwanza katika Foleni

Mtu akitoka Mnazi Mmoja akaifuata Barabara ya Uhuru hadi karibu na Msimbazi, kisha akaingia mitaa ya pembeni ya Kariakoo, hakosi kukutana na kibao cha picha za pasipoti. Katika chumba kimoja cha namna hiyo, baina ya duka la vitenge na fundi saa, nilifanya kazi kwa miaka kadhaa, na humo ndimo nilimotenda kosa ambalo hadi leo sijamaliza kulifikiri.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee wa zama za chumba cha giza. Alikuwa na kipande cha karatasi ngumu kilichofungwa kwenye waya, na wakati mwanga wa mashine ya kukuzia ulipokuwa ukiiangukia karatasi ya picha, alikipitisha kipande hicho juu ya uso, kikitikisika kidogo ili kisiache alama. Mtu mweusi sana alimkinga sekunde nyingi, uso wake usije ukazama gizani. Maji ya kunde alimkinga kidogo, pengine asimkinge kabisa. Nilimwuliza hesabu yake ni ipi. Akanijibu, "Mwanangu, hesabu iko usoni mwa mtu." Nilidhani ananificha siri ya kazi.

Kompyuta zilitufikia kwa kuchelewa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni, na hata kamba hiyo ilipolegezwa, ilipita miaka mingi kabla mashine hizo hazijashuka kutoka maofisini hadi vichochoroni kwetu. Huko Marekani, ndugu wawili, Thomas na John Knoll, walikuwa wamekwisha kutunga programu ambayo kampuni ya Adobe ilianza kuiuza mwaka 1990 kwa jina la Photoshop. Toleo la nne, la mwaka 1996, ndilo lililoleta kitu kinachoitwa aksheni. Unaiamuru programu irekodi, unaishughulikia picha moja hatua kwa hatua, kisha unaisimamisha. Tangu hapo kitufe kimoja tu kinarudia yote uliyoyafanya, kwa mpangilio ule ule na kwa vipimo vile vile. Waweza hata kuikabidhi folda nzima ya picha, nawe ukaenda kunywa chai.

Msomaji asiyewahi kufanya kazi hii hawezi kujua jinsi habari hiyo ilivyotufurahisha. Picha ya pasipoti ni kazi moja mchana kutwa: kata iwe milimita 35 kwa 45, rekebisha mwanga, noa, panga nakala nane kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15, hifadhi. Baada ya picha ya hamsini mkono unauma na akili imelala. Nilipojifunza aksheni nilijiona nimeoa upya.

Mwaka 2004 tulipata kazi ya shule moja ya msingi, watoto 96 wa darasa la saba. Tulitundika kitambaa cha bluu darasani, wakapita mmoja mmoja. Wa kwanza katika foleni alikuwa mvulana mweupe kidogo, na picha yake ilitoka imepauka. Jioni nikaifungua, nikapunguza mwanga, nikakoleza vivuli mpaka ikanipendeza, huku programu ikirekodi. Kisha nikaikabidhi folda yote, na kwa uvivu nikaiagiza ihifadhi juu ya mafaili yale yale ya asili. Niliporudi na kikombe changu picha zote 96 zilikuwa tayari. Tulizichapa alfajiri, tukazipeleka bila kuzikagua.

Kesho yake mwalimu alikuja na bahasha. Nyuso 23 zilikuwa zimezama: macho, kola nyeupe ya shati, na baina yake giza tupu. Nilijaribu kuzinyanyua, haikuwezekana, kwa maana kivuli kikishakuwa cheusi kabisa hakuna kitu ndani yake cha kurudisha. Na picha za asili nilikuwa nimezifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulirudi shuleni. Mwalimu akawaita kwa majina, wakatoka, wakajipanga ukutani. Walitazamana, wakaelewa kabla yangu. Mvulana mmoja akacheka, "Weusi wote tumeitwa!" Darasa zima likacheka, na wengi wa wale 23 wakacheka nao. Msichana wa mwisho hakucheka. Zamu yake ilipofika alikaa kitini, akasema, "Shikamoo." Nikaitika marahaba. Akauliza, "Mashine yenu haitupendi?" Nilimjibu kwamba mashine ilipata hitilafu. Ulikuwa uongo. Mashine haikupata hitilafu yoyote, ilifanya nilichoifundisha.

Miaka mingi baadaye ndipo niliposoma kwamba jambo lile lilikuwa na historia ndefu kuliko umri wangu. Kampuni ya Kodak, tangu miaka ya 1950, ilikuwa ikizipelekea maabara za rangi kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ili mafundi walinganishe rangi za mashine zao na ngozi yake. Kadi hizo zikapewa jina la Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza. Uso wa Shirley ukitoka vizuri, kazi imekwisha, na wengine wote wapite kwa kipimo hicho. Mtaalamu wa Kanada, Lorna Roth, aliyeyaandika haya mwaka 2009, anaeleza kwamba miongoni mwa waliolalamika wakasikilizwa walikuwamo wenye kutangaza chokoleti na samani za mbao, maana bidhaa zao nazo zilikuwa na rangi ya kahawia! Kadi zenye nyuso za rangi mbalimbali zilikuja katika miaka ya 1990.

Nako Afrika Kusini, Polaroid iliuza kamera ya vitambulisho, ID-2, iliyokuwa na kitufe cha kuongeza mwanga wa taa, na picha zake zilitumika katika vile vitabu vya pasi walivyolazimishwa kubeba Waafrika. Kwa hiyo waliweza kuuona uso mweusi vizuri walipouhitaji. Wafanyakazi wa kampuni hiyo, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha upinzani mwaka 1970, na mwaka 1977 kampuni ikaondoka nchini humo.

Niliposoma habari hizo nilitaka kukasirika, lakini hasira haikukaa. Wale wa Rochester walikuwa mbali nasi, hawakutujua. Mimi ni mweusi, nimezaliwa Ilala, na wale watoto wangeweza kuwa wadogo zangu. Sikuhitaji chuki. Nilihitaji haraka tu, na mtoto mmoja aliyetangulia kwenye foleni.

Aksheni sikuiacha, maana nisingeimudu kazi bila hiyo. Lakini pembeni ya kila hatua iliyorekodiwa kuna kisanduku kidogo. Ukikiwasha, programu inasimama hapo na kukungoja. Nilikiwasha kwenye hatua ya mwanga, na tangu siku ile folda ya asili siigusi. Tajiri wangu alilalamika kwamba watu wanasongamana mlangoni na mimi nimekaa natazama nyuso. Nikamwambia anivumilie. Mashine inakata, inasimama. Ninautazama uso, nausogeza mwanga, nabonyeza, inaendelea.