Faili ni ya nani?

Wandugu wahitimu, nikiona mtu anapiga chmod 777 juu ya kazi yake ya mwisho wa masomo ili wenzake wafungue, roho inaniuma. Anafungulia hata mwizi!

Mu Unix ya 1971, ile ya Ken Thompson na Dennis Ritchie pale Bell Labs, Marekani, mashini ilijua watu wa aina mbili tu: mwenye faili na wengine wote. Kundi lilikuja nyuma, tena moja kwa wakati mmoja: ukitaka lingine, unaandika newgrp, unaacha la kwanza. Ni 4.2BSD ya Berkeley, 1983, iliyoruhusu mtu kuwa katika makundi mengi pamoja. Linux ilirithi ile akili.

Kwa hiyo watatu wakiandika pamoja, msimamizi aunde kundi, awaingize kwa usermod -aG (akisahau ile a, mtu anatolewa mu makundi yake mengine), folda aipe chgrp, kisha chmod 2770. Ile 2 njo inafanya kila faili mpya izaliwe na kundi la folda, hapana la mwandishi. Inabaki umask: iwe 007. Ikiwa 022, wenzako watasoma tu, kuandika hapana.