Likasi: Kapote ilitumika lakini roho haitulii, hatari ya VIH iko namna gani?

Siku ya posho usiku mambo yalipita. Kapote ilivaliwa, haikupasuka. Siku ya yenga asubuhi mtu anaamka na swali moja tu mukichwa: je, nimekwisha kuambukizwa? Likasi ni mji wa migodi, kilometa karibu 120 kutoka Lubumbashi kwenye njia ya Kolwezi. Makamiyo yanalala hapo, wachimbaji wanapata pesa ya mkononi, na swali hili si geni. Ila wengi wanabaki nalo peke yao, juu ya haya.

Ikiwa kapote ilivaliwa tangu mwanzo mpaka mwisho, na haikupasuka wala kutoka, hatari ya VIH ni ndogo sana. Virusi havipiti ndani ya mpira mzima. Kubusiana, mate, jasho na kushikana mikono pia havileti VIH. Hata pasipo kapote, tendo moja na mtu mwenye VIH asiyekunywa dawa haliambukizi kila mara: wataalamu wanakadiria karibu mara 8 kwa matendo 10,000 kwa mwanamke, na karibu mara 4 kwa mwanaume. Hiyo si ruhusa ya kuacha kapote. Kidonda, sifilisi, ama mwenzi aliyeambukizwa siku za karibuni, vyote vinapandisha hatari.

Taabu mara nyingi inatoka kwa namna ya kuitumia. Mafuta ya mawese, vazelini na mafuta ya kujipakaa yanaharibu mpira kwa dakika chache. Anayetaka utelezi atafute ule wa maji. Kapote iliyokaa miezi katika mfuko wa suruali, ama iliyouzwa kwenye meza juani, si ya kuaminia. Tarehe iko juu ya pakiti, isomwe. Kuvaa mbili kwa pamoja hakuongezi usalama, zinasuguana na kupasuka.

Na ikipasuka? Hapo saa ndiyo inahesabu. Kuna dawa za kuzuia VIH zinazoanzwa mbele ya masaa 72, mapema ndiyo vizuri zaidi, na zinakunywiwa siku 28 bila kuruka. Mtu asingojee siku ya kwanza ndipo aende hospitali. Atapimwa kwanza, kisha munganga ataamua. Aliyebakwa naye asichelewe. Mwanamke aulize siku ileile dawa ya kuzuia mimba. Kujisafisha ndani na sabuni ama ndimu hakusaidii, kunaumiza ngozi tu.

Kisha wiki mbili, homa inapanda, na hofu inarudi kwa nguvu. Kweli, VIH mpya inaweza kuleta homa kati ya wiki 2 na 4. Lakini Likasi homa kwanza ni malaria, nayo ipimwe. Kukosa usingizi, moyo kudunda, tumbo kuharisha: hofu yenyewe inafanya hayo yote. Hakuna dalili inayoweza kusema ni VIH ama hapana. Kipimo tu.

Kipimo nacho kina wakati wake. Kile cha haraka cha kutoboa kidole kinatafuta alama ambazo mwili unatengeneza kisha kuambukizwa, na mwili unahitaji wiki kadhaa. Kupima siku tatu kisha tendo kunaonyesha mambo ya zamani tu. Kisha miezi 3, jibu likiwa hapana, jambo limefungwa. Kuna wanaopima tena na tena na bado hawaamini. Mara nyingi kinachowala si virusi, ni bibi ama bwana aliye nyumbani. Hilo hakuna damu itakayolitatua.

Anayeogopa kuonekana kwenye kituo ajue kwamba sheria ya Kongo ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda wenye VIH na siri ya jibu la kipimo. Na si ugonjwa wa wageni: uchunguzi uliotoka 2014 ulikadiria kwamba virusi vilitoka Kinshasa kwa gari-moshi na kufika Lubumbashi tayari katika miaka ya 1930.

Jibu likiwa ndiyo, dawa zinaanzwa mara moja. Anayezikunywa vizuri mpaka virusi visionekane katika damu, haambukizi mwenzi wake kwa tendo la ndoa.