Jinsi ya kulinda maikrofoni tamasha linaporekodiwa

Mkwaruzo huharibu sura ya maikrofoni tu. Hatari kubwa ni kuanguka na unyevu. Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka wa 1966, ina kichwa cha wavu wa chuma ambacho hubonyea ili utando mwembamba unaopokea sauti ndani yake usalimike. Wavu ukibonyea, hufunguliwa na kubadilishwa. Utando ukipasuka katikati ya wimbo, sauti iliyokosa kunaswa hairudi tena.

Kwa hivyo mafundi hutumia stendi zenye miguu mizito, hubandika nyaya sakafuni kwa utepe na kuweka maikrofoni za ngoma mahali ambapo vijiti havifiki. Kuijaribu maikrofoni kwa kuipuliza au kuigonga hakufai, kuizungumzia kunatosha. Baada ya onyesho, wavu hufutwa mate na jasho, ukakaushwa kabla ya kurejeshwa sandukuni.