Tufani, Waya na Simu: Safari ya Tahadhari hadi Mlangoni Mawaleh

Mawaleh imekaa katikati ya bahari na majabali. Kaskazini yake ni pwani ya Sib, kusini ni milima ya Hajar, na mvua inayopiga majabalini haina pa kwenda ila kuteremka uwandani. Mtu anaweza kuwa amekaa barazani kwake, jua linawaka, na huku wadi iliyo jirani, yaani bonde la mto mkavu, inashuka na maji yaliyonyesha mbali kabisa asikokuona. Uwanda huo umejaa nyumba, misikiti na maduka katika miongo michache tu. Katika nyumba hizo wanaishi watu wengi ambao wazee wao walizaliwa Unguja, Pemba au Mombasa, na Kiswahili bado ndicho kinachosemwa jikoni kwao. Kwa watu hawa historia ya tufani ina ng'ambo mbili, na ng'ambo zote mbili zina makaburi.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alikuwa na mwaka mmoja na nusu tu kwenye kiti. Merikebu zake zilizotia nanga bandarini zilizama au kutupwa ufukweni, na inakadiriwa thuluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya kisiwa iling'oka. Pemba iliponea, na tangu hapo karafuu nyingi zikawa zinatoka huko. Mabaharia wa enzi zile waliamini kwamba Unguja iko nje ya njia ya vimbunga, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anavitazamia. Na hata angekuwapo mtu aliyekiona kikija baharini, angemwambia nani, na kwa chombo gani? Habari za msiba wenyewe hazikuwa na njia ya kutoka kisiwani ila kwa meli na majahazi. Waya wa simu ya maandishi kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, miaka saba baadaye.

Maskati nayo ilikuwa na kisa chake cha waya, na ni kisa kinachouma. Waingereza walijaribu mapema, mwaka 1859 na 1860, kutandika waya chini ya bahari kupitia Bahari ya Shamu na pwani ya Omani hadi India, ukafa karibu pale pale. Mwaka 1864 wakatandika mwingine kupitia Ghuba, na kwa miaka michache wakaweka kituo kwenye kisiwa kidogo cha Musandam, ambacho mpaka leo watalii hupelekwa kukitazama. Waya huo ulikuwa wa kuunganisha London na India. Maskati yenyewe haikupata waya wa kudumu mpaka mwaka 1901, kwa waya uliotoka Jask, ng'ambo ya pili ya bahari.

Katikati ya miaka hiyo ndipo msiba ulipotokea. Mwanzoni mwa Juni 1890 tufani iliingia nchini na mvua ya milimita 286 ikanyesha Maskati kwa siku moja, katika nchi ambayo mara nyingi haipati nusu ya hiyo kwa mwaka mzima. Watu 727 walihesabiwa kufa, kuanzia Maskati hadi Sohar. Ujumbe wa mfanyabiashara wa Bombay ulikuwa ukipita chini ya bahari hiyo hiyo kila siku. Mkulima wa tende wa pwani ya Batina hakuwa na wa kumwambia kitu. Nikiangalia nyuma, naona neno hilo likijirudia katika kila msiba uliofuata: ujuzi upo, chombo kipo, lakini njia ya kumfikia anayehusika haijatengenezwa.

Karne ya 20 ilileta redio za melini, kisha vituo vya hali ya hewa, kisha setilaiti. Redio ya Omani ilianza mwaka 1970 na televisheni mwaka 1974, na uwanja wa ndege wa Sib, ulio hatua chache kutoka Mawaleh, ulifunguliwa mwaka 1973. Mwaka 1972 iliundwa pia Jumuiya ya Kifalme ya Redio za Ridhaa. Sultan Qaboos mwenyewe alikuwa mmoja wa wapenzi wa mawasiliano hayo, kwa alama ya A41AA. Siyo jambo dogo. Redio ya ridhaa inaweza kufanya kazi kwa betri ya gari na waya uliofungwa juu ya paa, hata minara yote ya simu ikiwa imezimika. Hata hivyo, kimbunga kilichopiga Masira na Dhofar mwezi Juni 1977 kiliua zaidi ya watu 100.

Halafu ikaja 26 Desemba 2004. Ardhi ilitetemeka Sumatra, na wataalamu wa Hawaii walijua katika dakika chache kwamba mtetemeko ni mkubwa. Bahari ya Hindi, hata hivyo, haikuwa na mfumo wowote wa kupashana habari za tsunami, wala hakukuwa na orodha ya watu wa kupigiwa simu. Wimbi lilichukua saa nyingi kuvuka. Kenya, watu waliondolewa ufukweni baada ya habari kusikika, na aliyekufa akawa mtu mmoja. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wengi wao wakiogelea. Somalia walikufa karibu 300. Bandarini Salalah mikondo ilikata kamba za meli ya mizigo yenye urefu wa mita 285 na kuipeleka ovyo. Maji kupwa yaliisaidia Kenya, ni kweli, lakini nani atakayeweza kusema kwamba neno lililofika mapema halikusaidia?

Kwa watu wa Maskati, mwaka wenyewe ni 2007. Kimbunga Gonu kilionekana na setilaiti siku kadhaa kabla, kikapewa jina, kikafuatiliwa kwenye televisheni, na wakati huo ndicho kilichokuwa kikali kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa Bahari ya Arabuni. Serikali iliwahamisha maelfu ya watu wa Masira na wa maeneo mengine ya pwani. Hata hivyo wakafa karibu watu 50. Sababu moja ni kwamba hakukuwa na mtu hai aliyekumbuka tufani ya 1890. Watu walisikia maneno "upepo mkali na mvua kubwa" na wakapima kwa mvua wanazozijua, zile ambazo watoto hutoka nje kufurahia. Mtaa wa Qurum uligeuka bahari. Mitambo ya kusafisha maji ya chumvi ya Ghubra na Barka ilisimama, na mji uliozungukwa na maji ukakaa siku kadhaa ukihangaikia maji ya kunywa. Umeme ulipokatika, simu za mkononi zilitegemea chaji iliyobaki tu. Tahadhari ilifika, ila haikueleweka, na baada ya siku ya kwanza hata chombo cha kuileta kikanyamaza.

Omani ilijifunza, na inafaa isifiwe kwa hilo. Mwaka 2015 kilifunguliwa mjini Maskati Kituo cha Taifa cha Tahadhari ya Mapema ya Maafa Mbalimbali, kinachofuatilia vimbunga, mafuriko ya wadi na tsunami pamoja. Mitetemeko inasomwa, kina cha bahari pwani kinapimwa, rada zinatazama mawingu, na kutoka hapo habari inakwenda kwa polisi, kwa ulinzi wa raia na kwa vyombo vya habari.

Mtihani ukaja tarehe 3 Oktoba 2021. Kimbunga Shaheen kiliingia Batina, pwani ya kaskazini ambayo haikuwa imeona kitu kama hicho tangu 1890. Safari hii serikali ilitangaza mapumziko ya siku mbili, ndege zikasimamishwa, skuli zikafanywa makimbilio, na maelfu ya watu wakahama kabla ya upepo kufika. Khabura ilipata zaidi ya milimita 300 za mvua. Waliokufa walikuwa zaidi ya 10, na kila mmoja wao ni mtu wa watu, lakini ukilinganisha na 727 wa zamani, wakati wakazi wa pwani hiyo sasa ni wengi mara nyingi zaidi, unaona kazi ya tahadhari.

Lakini wawili kati ya hao walikufa Rusail, mwendo mfupi kwa gari kutoka Mawaleh. Walikuwa wafanyakazi kutoka Asia, na kilima kiliporomokea makazi yao. Miaka miwili na nusu baadaye, Aprili 2024, tahadhari za mvua zilikuwa zimeshatolewa, na bado gari lenye wanafunzi likachukuliwa na wadi huko Samad al-Shan. Walikufa watu wasiopungua 18 katika mafuriko hayo, wakiwemo watoto wa skuli. Setilaiti haikukosea. Kilichovunjika ni kipande cha mwisho cha njia, kile kinachotoka kwenye skrini hadi kwenye mguu uliokanyaga mafuta kuvuka maji.

Kipande hicho hakijengwi kwa mashine peke yake, na Bangladesh wanalijua hilo kuliko wote. Kimbunga cha 1970 kiliwaua huko watu wasiopungua laki tatu. Mwaka 1972 wakaanzisha mpango wa watu wa kujitolea vijijini, wenye bendera, vipaza sauti na redio ndogo, wanaopita nyumba kwa nyumba. Sidr, kimbunga ambacho jina lake lilitolewa na Omani, kiliwapiga mwaka huo huo wa Gonu. Waliokufa walikuwa zaidi ya elfu tatu. Ni wengi mno, lakini siyo laki.

Hapa Omani umeshajaribiwa mfumo wa kurusha tahadhari kwenye kila simu iliyo chini ya mnara fulani kwa mara moja, bila kuhitaji namba ya mtu na bila kungoja foleni ya ujumbe. Ni hatua kubwa. Lakini tahadhari rasmi huandikwa zaidi kwa Kiarabu na Kiingereza. Mawaleh wapo mabibi waliohamia utu uzima, ambao habari za hatari huzielewa vizuri kwa Kiswahili. Wapo wasaidizi wa nyumbani kutoka Tanzania, Kenya na Uganda ambao simu yao ikilia kwa mlio wa ajabu hawatajua imesema nini. Hao tahadhari huwafikia kwa ujumbe wa sauti wa mjukuu au jirani, kwenye magrupu yale yale yanayobeba pia uvumi na sauti za mwaka juzi zisizo na tarehe.

Kwa hiyo, ewe msomaji wa Mawaleh, Khoudh, Hail au Mabela, kabla msimu wa Juni na ule wa Oktoba haujafika, kaa na watu wako mchague mmoja wa kutafsiri tahadhari. Asome tangazo la kituo cha hali ya hewa, aseme kwa Kiswahili limetolewa lini na nani, na amalize kwa kumuuliza bibi na dada wa kazi wameelewa nini. Jazeni maji, wekeni redio ya betri, namba 9999 iandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Na wadi ikishuka, hata ikionekana maji ya kifundo cha mguu, simamisha gari.