Karatasi Inasema, Mzani Unakataa: Historia Fupi ya Vipimo vya Pikipiki

Tuseme umenunua pikipiki ya mtumba, ile ya kurukia matuta na kupita kwenye matope. Karatasi ya kiwandani inasema kilo 100. Umeipima nyumbani, ukapata 110. Umetapeliwa? Ngoja kwanza. Kabla ya kumpigia simu aliyekuuzia, jiulize: hizo kilo 100 zilipimwaje?

Tuanzie mbali kidogo, miaka ya 1780 huko Uingereza. James Watt alikuwa akiwauzia mashine za mvuke watu waliozoea kutumia farasi. Mteja alitaka kujua jambo moja tu: hii mashine inachukua nafasi ya farasi wangapi? Watt akapiga hesabu, akasema farasi mmoja huinua ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Leo tunasema ni wati 746 hivi. Kwa hiyo kipimo cha nguvu farasi, tangu mwanzo, kilikuwa lugha ya sokoni.

Baadaye Bara la Ulaya likatengeneza farasi wake wa kimetriki: kilo 75 kuinuliwa mita moja kwa sekunde, yaani wati 735.5. Huyu ni mdogo kidogo, na Wajapani nao wamemtumia sana. Hivyo injini ileile yenye farasi 30 wa kimetriki ina 29.6 tu kwa hesabu ya Watt. Hakuna aliyedanganya, farasi ndio tofauti.

Kisa kikubwa zaidi kilitokea Marekani. Kwa miaka mingi kampuni za magari zilipima injini ikiwa peke yake, bila mzigo wa vifaa vinavyoizunguka ndani ya gari. Kuanzia modeli za 1972 zikahamia kwenye kipimo halisi, injini ikiwa imefungwa vifaa vyake. Nguvu zikashuka ghafla kwenye karatasi, hata pale ambapo injini haikuguswa.

Sasa turudi kwenye pikipiki yako. Uzito wa kwenye karatasi mara nyingi ni uzito mkavu, yaani bila petroli, na wakati mwingine bila oili wala betri. Lita 10 za petroli peke yake ni kama kilo 7.5. Zile kilo 10 zako zimeshaanza kujieleza, sivyo?

Kama unao mzani mmoja wa bafuni, weka gurudumu la mbele juu yake na la nyuma juu ya ubao wenye kimo kilekile. Soma, kisha badilisha. Jumlisha namba mbili, basi. Ila mtu akushikie pikipiki isimame wima.

Ujazo wa injini nao unapimika. Chukua Yamaha DT-1 iliyoingia soko la Marekani mwaka 1968. Iliitwa ya 250, lakini kipenyo cha silinda ni milimita 70 na mwendo wa pistoni ni 64. Piga hesabu utapata cc 246. Hiyo 250 ni jina la daraja lake. Na fundi akitanua silinda hadi milimita 71 ili kuweka pistoni kubwa zaidi, injini inakuwa cc 253. Kwa hiyo kipimo chako kikipishana na karatasi, pengine karatasi ni ya kweli, ila injini uliyonayo si ile iliyotoka kiwandani. Hilo ndilo la kumuuliza muuzaji!

Nguvu ndiyo ngumu kupima, lakini Watt alituachia njia. Tafuta kilima kisicho na watu. Pikipiki na wewe mkiwa kilo 200, mkapanda kimo cha mita 10 kwa sekunde 5 kwa mwendo usiobadilika, mmetumia wati 3,924 kushinda mvutano wa dunia, yaani zaidi ya farasi watano. Upepo, matairi na mnyororo vimekula nyingine ambazo hukuzihesabu, kwa hiyo usitegemee kuifikia namba ya kiwandani, ambayo kwa kawaida hupimwa kwenye injini.

Basi, ukikuta karatasi na mzani vinagombana, usikimbilie kuamua nani mwongo. Uliza kwanza kila mmoja alipima nini.