Miles Morales na Mwana wa Liyongo

Mwanafunzi wa sekondari mjini Voi anawajua mashujaa wa namna mbili, na shule humfundisha namna moja tu. Katika fasihi simulizi, kwenye mada ya mighani, atasoma habari za Fumo Liyongo wa pwani na Luanda Magere wa Waluo, na mtihanini ataulizwa sifa za shujaa. Namna ya pili haimo kwenye silabasi. Mashujaa wake wamechapwa kwenye mabegi na fulana za mitumba sokoni, wamo kwenye simu, wamo kwenye televisheni ya kinyozi, na anayeongoza kundi lao ni Spider-Man. Nataka niwakalishe wote benchi moja. Filamu ya katuni ya Spider-Man: Into the Spider-Verse, iliyotoka mwaka 2018, inastahili kupimwa kwa mizani ya mighani, na mighani nazo hazitapungukiwa kitu zikipimwa kando yake.

Filamu inamhusu Miles Morales, kijana wa Brooklyn, baba yake Mmarekani Mweusi ambaye ni askari polisi na mama yake muuguzi mwenye asili ya Puerto Rico. Mhusika huyu alibuniwa mwaka 2011 na mwandishi Brian Michael Bendis na mchoraji Sara Pichelli. Filamu iliongozwa na Bob Persichetti, Peter Ramsey na Rodney Rothman, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2019, na Ramsey akawa mwongozaji wa kwanza Mweusi kushinda kwa filamu ndefu ya katuni.

Nguvu ya kwanza ya filamu iko mkononi mwa mafundi. Katuni za kompyuta kwa kawaida huchorwa picha mpya 24 kwa kila sekunde. Hapa Miles, akiwa bado anajifunza kuruka, mara nyingi huchorewa picha 12 tu, kila moja ikishikiliwa mara mbili, ilhali Peter B. Parker, Spider-Man mzee anayemfundisha, anaruka kando yake kwa mtiririko kamili. Hakuna anayetuambia kwamba kijana hajaiva. Tunauona ubichi wake katika mwili wenyewe. Utendi unaosimulia habari za Liyongo hauna njia hiyo. Mizani minane ya mshororo ni ileile kwa jitu na kwa mtoto, kwa sultani na kwa mjakazi Saada anayempelekea Liyongo mkate wenye tupa ndani yake gerezani. Ukubwa wa Liyongo hautokani na mwendo wa beti. Unatokana na chuku, na hofu ya watu, na sauti ya anayeghani. Filamu humtenga shujaa na wenzake kwa umbo. Utendi humfunga na wenzake kwa umbo hilohilo, kisha humpandisha kwa maneno. Sioni sababu ya kuitukuza njia moja kwa kuidunisha nyingine.

Nguvu hiyo hiyo ina udhaifu wake. Michoro ya Spider-Verse imejaa vinukta vya rangi na kingo zilizoachana kidogo, kwa kuigiza uchapaji wa vitabu vya katuni vya bei rahisi vya Marekani. Aliyekulia na vitabu hivyo huona kumbukumbu ya utotoni. Asiyekulia navyo anaweza kudhani ni hitilafu ya skrini. Si kwamba Kenya haina mila ya vibonzo. Juha Kalulu wa Edward Gitau alichekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi, na Shujaaz, jarida la katuni lililoanza Nairobi mwaka 2010 na kusambazwa bure, lilimleta Boyie, kijana wa mtaani mwenye kituo cha redio cha siri. Lakini Juha Kalulu ni mzaha wa kila siku, na mashujaa wa Shujaaz hawaruki juu ya majengo: ushujaa wao ni kupata riziki na kusema ukweli. Kwa hiyo filamu inasema na msomaji mmoja mahususi wa vibonzo, huku ikijiona inasema na wote.

Nipite haraka kwenye vituko na muziki, ambavyo ni vizuri na havihitaji wakili, nifike penye uzito: damu.

Aaron, ndugu wa baba yake Miles, ndiye anayempenda na kumwelewa kijana huyu. Ndiye pia Prowler, muuaji anayetumwa na bwana mkubwa aitwaye Kingpin. Anamfukuza Spider-Man mpya, anamkaba koo juu ya paa, na Miles anavua kinyago. Mkono wa Aaron unalegea. Hawezi kumuua mtoto wa nduguye, na kwa kutoweza huko anapigwa risasi na Kingpin aliyemtuma.

Sasa iweke kando yake habari ya Liyongo kama ilivyo katika utendi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Sultani wa Pate ameshindwa kumuua Liyongo kwa kila hila, kwa kuwa mwili wake haudhuriki. Anamhadaa mwana wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Mwana anamwendea baba, anamuuliza ni kitu gani kinachoweza kumuua. Liyongo anatambua kwamba mtoto ametumwa, na bado anamwambia: sindano ya shaba kitovuni. Mwana anamchoma akiwa amelala. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anaenda kisimani na kufa akiwa amepiga goti na mshale umetegwa, hata watu wakaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa. Mwana hakupata alichoahidiwa.

Katika filamu, kujuana kunaokoa: kinyago kikivuliwa, mkono wa jamaa unazuilika. Katika utendi, kujuana ndiko kunakoua, kwa sababu hakuna mwingine ambaye angeweza kuuliza swali lile akajibiwa. Luanda Magere naye aliangamia kwa njia ya nyumbani: mke aliyetoka kwa maadui aligundua kwamba mwili wa jiwe hauchomeki, ila kivuli chake. Wamarekani wametunga hadithi ya damu kuishinda amri. Watu wa Pate na Waluo wa nyanda za Kano wametunga hadithi ya siri kuvuja kupitia mlango wa mapenzi. Zote mbili zinaijua familia vizuri. Lakini utendi unathubutu kwenda mahali ambapo filamu inasita kufika: kwenye kifo kisicho na mbadala.

Hapo ndipo naona udhaifu mkubwa wa Spider-Verse. Hadithi imejengwa juu ya malimwengu mengi yanayokwenda sambamba, kila moja na Spider-Man wake. Peter Parker, Spider-Man wa ulimwengu wa Miles, anauawa mapema, na kabla machozi hayajakauka anatokea Peter mwingine kutoka ulimwengu mwingine, mwenye kitambi na talaka. Uchungu wa kifo unapata mbadala. Haki ni kukiri kwamba waandishi wameliona tatizo hilo, maana Kingpin mwenyewe ni mtu aliyefiwa na mke na mwana, na mashine yake ya kupasua malimwengu ni jaribio la kuwarudisha kwa kuwachukua wengine wanaofanana nao. Filamu inamhukumu kwa hilo, ilhali yenyewe inafaidi mlango uleule.

Wataita, wenyeji wa milima iliyo karibu na Voi, walilijibu swali la kifo kwa namna nyingine kabisa. Kabla dini za kigeni hazijaenea milimani, marehemu aliyestahili heshima alizikwa, kisha baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa katika pango la ukoo pamoja na waliomtangulia. Mapango ya namna hiyo yangalipo. Marehemu hakuondoka na hakubadilishwa na mwingine. Alibaki jamaa mwenye haki ya kuheshimiwa na walio hai. Kwa Kingpin mfu ni pengo la kuzibwa. Kwa Mtaita wa zamani mfu ni mkubwa wa ukoo aliyehamia pangoni. Filamu ya mashujaa ambayo ingeanzia kwenye wazo hili la pili ingekuwa na kifo kisichofutika, na bado isingekosa matumaini.

Filamu ya pili, Across the Spider-Verse ya 2023, inalikaribia jambo hili kwa ujasiri zaidi. Miles anaambiwa kwamba baba yake lazima afe ili ulimwengu usalimike, naye anakataa. Liyongo aliyatazama majaliwa yake akampa mwanawe jibu. Vijana wengi watampenda anayekataa, nami nawaelewa, ila aliyejibu ana utu uzima ambao kijana wa Brooklyn bado hajaufikia.

Na katuni zetu je? Super Sema, iliyoanza mwaka 2021 chini ya kampuni ya Kukua, Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa watayarishaji wakuu, ina msichana asiye na nguvu za miujiza ila akili na sayansi. Supa Team 4 ya Malenga Mulendema, iliyotoka Netflix mwaka 2023, inawapa wasichana wanne jiji la Lusaka. Enkai ya Mkenya Ng'endo Mukii, katika mkusanyiko wa Kizazi Moto wa mwaka huohuo, inakwenda mbali zaidi: binti wa mungu anamtazama mama yake akielemewa na uharibifu wa binadamu. Nazipenda zote. Hata hivyo mji wa Sema unaitwa Dunia na hauna ramani, na katika hizo mbili za kwanza mtoto hapotezi kitu asichoweza kukirejesha kabla ya kipindi kuisha. Zimechukua fremu ya Marekani zikaacha huzuni yake, na zimeacha pia huzuni ya Liyongo.

Voi inajua hasara ya kuachia wengine simulizi. Filamu maarufu zaidi kuhusu Tsavo, jirani ya Voi, The Ghost and the Darkness ya 1996, ilipigwa Afrika Kusini, na shujaa wake ni mhandisi mgeni aliyewaua simba wala watu wa mwaka 1898; simba wenyewe wamo katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago. Mwangeka wa Malowa, aliyewapinga Waingereza katika milima ya Wataita miaka ya mwanzo ya 1890 hadi akauawa, sijamwona akichorwa. Vijana wa Voi, Mwatate na Wundanyi wanaojifunza kuchora kwa kompyuta na waitazame Spider-Verse mara nyingi, wamchunguze Miles picha kwa picha, wajifunze kila mbinu iliyomo. Kisha wakimchora Mwangeka, wasimpe ushindi ambao hakuupata, na wasimtafutie Mwangeka mwingine wa kushika nafasi yake.