Spritz: Historia ya Kinywaji Chepesi cha Veneto

Spritz ni kinywaji cha rangi ya chungwa kinachonywewa kabla ya mlo, nacho asili yake ni jimbo la Veneto, kaskazini-mashariki mwa Italia. Huchanganywa kwa divai nyeupe ya mapovu, kileo kichungu cha mitishamba na maji ya soda, ndani ya glasi iliyojaa barafu. Hakihitaji vyombo vya baa wala mkono wa fundi, ndiyo maana kimepokewa katika nyumba za nchi nyingi kila panapokuwa na sikukuu na wageni. Hata hivyo, sura yake ya leo ni changa. Kwa muda mrefu spritz ilikuwa divai na maji tu.

Mwanzo wake umefungamana na siasa za Ulaya. Mwaka 1797 majeshi ya Napoleon yaliiangusha Jamhuri ya Venice, na mwaka 1815 Mkutano wa Vienna ukaiweka Veneto, pamoja na Lombardia, chini ya Austria. Utawala huo ulidumu Veneto hadi 1866, jimbo lilipoingia katika Ufalme wa Italia. Wenyeji husimulia kwamba askari, wafanyabiashara na maofisa wa Kiaustria waliiona divai ya Veneto kali kuliko walivyozoea kwao, wakawa wanaomba itiwe maji. Jina lenyewe limetokana na Kijerumani chao. Spritz ya namna hiyo ingali hai: nchini Austria, na hata katika mji wa Trieste, anayeagiza spritz huletewa divai nyeupe iliyotiwa maji ya soda, basi.

Badiliko la kwanza lililetwa na gesi. Mwaka 1767 Mwingereza Joseph Priestley alipata njia ya kuingiza kaboni dioksaidi katika maji, na mwaka 1783 Johann Jacob Schweppe akaanza kutengeneza maji hayo kwa biashara mjini Geneva. Baadaye ikaja sifoni, chupa nene ya kioo yenye mdomo wa chuma, ambayo kishikio chake kikibonyezwa gesi iliyomo husukuma maji nje kwa nguvu. Sifoni zilipoenea mikahawani, maji ya kawaida yaliiachia soda nafasi. Faida yake ilikuwa dhahiri: divai iliyozimuliwa kwa maji matupu hupooza, lakini iliyozimuliwa kwa soda hupungua ukali huku ikibaki changamfu mdomoni.

Badiliko la pili ndilo lililoipa spritz rangi na uchungu wake. Italia ina utamaduni wa zamani wa kuloweka mizizi, magome na maganda ya matunda katika pombe ili kupata kinywaji cha kuamsha hamu ya chakula. Gaspare Campari alianza kuuza kileo chake chekundu mwaka 1860 mjini Novara. Mjini Padova, ndugu wawili, Luigi na Silvio Barbieri, walirithi kiwanda cha baba yao mwaka 1912, wakatumia miaka 7 kutafuta kinywaji kilicho chepesi zaidi. Mwaka 1919, katika maonyesho ya biashara ya mji huo, walikizindua kwa jina la Aperol. Ndani yake mlikuwa na machungwa matamu na machungu pamoja na mizizi ya mitishamba, na kiwango chake cha kilevi kilikuwa asilimia 11 tu, wakati Campari huzidi asilimia 20. Mwaka uliofuata, ndugu wa ukoo wa Pilla walitoa Select mjini Venice. Wanywaji wa Veneto walianza kutia vileo hivyo katika spritz yao, na kufikia miaka ya 1950 spritz ya Aperol ilikuwa imeshika mizizi.

Badiliko la tatu lilikuwa divai yenyewe. Antonio Carpenè alianzisha kampuni ya divai katika eneo la Conegliano mwaka 1868 na kujishughulisha na divai za mapovu. Mwaka 1895 Federico Martinotti alisajili njia ya kuichachusha divai mara ya pili ndani ya pipa kubwa lililofungwa, badala ya chupa moja moja kama ifanywavyo shampeni; Mfaransa Eugène Charmat akaiboresha njia hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Gharama ilishuka, na ladha ya tunda ikabaki. Divai ya prosecco ikawa rahisi kupatikana, na taratibu ikachukua nafasi ya divai tulivu katika spritz. Mwaka 2009 sheria iliweka mipaka mipya ya maeneo yanayoruhusiwa kutumia jina la prosecco, na mwaka 2019 vilima vya Conegliano na Valdobbiadene viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Kuenea duniani kulifuata fedha na matangazo. Kampuni ya Campari iliinunua Aperol mwaka 2003, ikainadi spritz kwa kanuni nyepesi ya tatu, mbili, moja. Mwaka 2011 Chama cha Kimataifa cha Wahudumu wa Baa kiliiweka katika orodha yake rasmi.

Kanuni hiyo ina maana ya mililita 90 za prosecco, 60 za Aperol na 30 za soda. Glasi hujazwa barafu kwanza, kwa kuwa barafu nyingi huyeyuka polepole kuliko kidogo. Prosecco hutangulia, Aperol hufuata: kwa kuwa ina sukari, ni nzito, hivyo huzama na kujichanganya yenyewe. Soda humalizia, kijiko hupitishwa mara moja kwa upole, na kipande cha chungwa huwekwa. Venice hupenda kuongeza zeituni ya kijani, na huandaa vitafunio vya chumvi, kwani chumvi huupatanisha uchungu na utamu.

Kwa vipimo hivyo, kilevi huwa takriban asilimia 9 kabla ya barafu kuyeyuka, chini ya divai nyingi za mezani. Chupa moja ya prosecco ya mililita 750 hutosha glasi 8. Kila glasi ichanganywe mgeni anapofika, kwa sababu mchanganyiko ulioandaliwa mapema katika jagi hupoteza gesi. Kwa wasiotumia kileo na watakaoendesha gari, Italia ina vinywaji vichungu visivyo na kilevi, kama Crodino, tangu miaka ya 1960. Vikitiwa barafu na chungwa, meza nzima hunywa rangi moja.

Katika mabadiliko yote hayo, jambo moja halikuguswa: spritz ilianza kama njia ya kupunguza ukali, na kila kizazi kiliulinda wepesi huo. Anayezidisha kileo ili kuwafurahisha wageni ametengeneza kinywaji kingine.